Kubadilisha Betri ya Gari Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuifanya Kazi kwa Usalama

Kufungua betri kuukuu na kufunga mpya ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiye na haraka, na kwenye magari mengi spana namba 10 peke yake inakaribia kumaliza kila kitu. Ndiyo maana wengi huivamia bila kufikiri. Matokeo yake vidole vinaungua, fyuzi kuu inakatika, gari linajifunga ufunguo ukiwa ndani, au betri mpya inakufa ndani ya wiki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotokana na ugumu wa kazi. Vinatokana na kubadilisha betri isiyokuwa na kosa, kununua isiyolingana na gari, na kuanza kufungua waya usiotakiwa kuanza. Basi hapa nitakaa zaidi kwenye mambo hayo matatu, na penye kuzungusha nati tutapita haraka.

Kwanza, mgonjwa kweli ni betri?

Gari likigoma kuwaka, kila anayepita atasema betri imekufa. Huenda amepatia. Lakini stata inayotoa mlio wa tik-tik-tik, taa za dashibodi zinazofifia ukigeuza ufunguo, au injini inayozunguka kichovu, zote zinasema jambo moja tu: umeme haufiki wa kutosha. Hazisemi umekwama wapi.

Anza na macho. Fungua boneti utazame pale kibano cha waya kinapokumbatia nguzo ya betri, yaani tamino. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani-buluu umejijenga pale, umeme unapenya kwa tabu. Kisha jaribu kukizungusha kibano kwa mkono. Kibano kilichofungwa sawasawa hakisogei hata kidogo. Kikicheza, safisha, kaza, halafu washa gari kabla hujafikiria kununua chochote. Zipo betri nzima kabisa zilizotupwa kwa ajili ya nati moja iliyolegea.

Macho yakishindwa, chukua multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Pima mara tatu, kwa sababu kipimo kimoja hudanganya.

Kipimo cha kwanza ni gari likiwa limelala, limezimwa kwa saa kadhaa au usiku kucha. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 ina takribani robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini ni kama tupu. Hapo bado hujui kama imekufa au imeishiwa chaji tu. Ijaze kwa chaja kwanza, uiache ipumzike, upime tena.

Kipimo cha pili ni wakati mwenzako anapiga stata. Volti zitashuka ghafla, hilo ni la kawaida, lakini betri nzima iliyojaa haitakiwi kuanguka chini ya takribani 9.6. Ile inayosoma 12.6 ikiwa imetulia kisha inaporomoka hadi 7 au 8 stata inapoguswa, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Ina volti lakini haina nguvu, na mtu aliyeishia kwenye kipimo cha kwanza angeapa kwamba ni nzima.

Kipimo cha tatu, injini ikinguruma. Sasa oltaneta, yaani mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, inatakiwa kuwa inachaji, na kwenye magari mengi utasoma kati ya 13.8 na 14.7. Magari mapya yenye oltaneta inayoongozwa na kompyuta yanaweza kupanda na kushuka nje kidogo ya hapo. Ukisoma 12 na kitu na namba inazidi kuteremka, tatizo liko kwenye oltaneta, mkanda wake au nyaya zake. Ukifunga betri mpya kwenye gari la namna hiyo, litawaka vizuri, litatembea, halafu litazima njiani betri mpya ikiwa kavu.

Kuna njia moja ya kupima oltaneta ambayo baadhi ya mafundi bado wanaifanya: kuchomoa waya wa betri huku injini inanguruma, ikizima wanasema oltaneta imekufa. Usikubali ifanywe kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiiondoa ghafla volti zinaweza kuruka juu sana na kuunguza kompyuta ya injini, redio na diodi za oltaneta yenyewe, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Multimita ya bei rahisi inatoa jibu lilelile bila hasara.

Dalili nyingine hazihitaji kipimo. Betri iliyovimba ubavuni, iliyopasuka, inayovuja, au inayotoa harufu ya mayai yaliyooza imekwisha kazi. Hiyo usiichaji wala usijaribu kuibusti kutoka gari jingine. Umri nao unasema: nyingi hufanya kazi miaka mitatu hadi mitano, na joto kali huzifupishia maisha kwa sababu hukausha maji ndani na kuharakisha kutu kwenye sahani za risasi. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, tazama kiwango cha maji. Sahani zikiwa wazi, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, si ya bomba, si ya kunywa ya chupa, na kamwe si asidi. Asidi haipungui kwa kuvukizwa. Kinachopotea ni maji, nayo ndiyo ya kurudishwa.

Kuchagua betri inayolingana

Soma karatasi iliyobandikwa kwenye betri ya zamani, kisha ulinganishe na kitabu cha gari, maana huenda aliyeifunga mara ya mwisho alikosea.

Ukubwa wa umbo ndio wa kwanza. Betri lazima ikae kwenye trei yake bila kucheza, na kishikio chake kiifikie. Urefu wa kwenda juu ndio watu huusahau: betri ndefu kupita kiasi inaweza kugusa boneti inapofungwa, na boneti ni chuma. Kwa betri zenye namba za mtindo wa Kijapani, mfano 55B24L, ile 24 ni urefu wa betri kwa sentimita takribani, B ni kundi la upana na kimo, 55 ni daraja la nguvu, na herufi ya mwisho, L au R, inahusu upande ziliko nguzo. Hiyo herufi ya mwisho isidharauliwe. Ukinunua R mahali pa L, waya wa chanya hautafika kwenye nguzo yake, na ukiuvuta kwa nguvu ufike umejitengenezea ajali. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuzisimamisha betri zote mbili nguzo zikiwa upande wako, uone chanya iko kulia au kushoto.

Unene wa nguzo nao hutofautiana. Zipo nyembamba, ambazo hupatikana kwenye magari mengi madogo ya Kijapani, na zipo nene. Kibano cha nguzo nene hakitaishika nyembamba. Watu huchomeka msumari au kipande cha bati kuziba nafasi, na gari linawaka, kwa siku kadhaa. Kisha pale panapata joto, panaliwa na kutu, na umerudi kwenye tik-tik-tik. Kama ni lazima, tumia pete maalumu za risasi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Bora zaidi, rudisha betri ulete inayofaa.

Halafu nguvu. Namba yenye Ah inaeleza akiba ya umeme, na ile ya amperi za kuwashia, ambayo kwa Kiingereza huandikwa CCA, inaeleza betri inaweza kuisukuma stata kwa nguvu gani kwenye baridi. Hupimwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Usishuke chini ya alichoandika mtengenezaji wa gari. Kupanda kidogo hakuna ubaya mradi umbo linaingia. Ile hofu kwamba betri kubwa itaunguza gari haina msingi, kwani vifaa vya gari huchukua kiasi vinachohitaji tu na volti ni zilezile 12.

Mwisho ni aina. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha ukiachia breki au kukanyaga klachi huja na betri ya AGM au EFB, ambazo zimetengenezwa kuvumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi kwa siku. Likipewa betri ya kawaida, betri hiyo itachoka upesi mno. Aliyekuwa na AGM anunue AGM. Tena, baadhi ya magari hayo, BMW nyingi za miaka ya karibuni zikiwemo, hutaka kompyuta iambiwe kwa mashine kwamba betri imebadilishwa, la sivyo inaendelea kuichaji mpya kana kwamba ni ile kuukuu. Kama kitabu cha gari lako kinasema hivyo, panga na fundi umeme mwenye mashine kabla hujaanza.

Betri ya dukani ipimwe mbele yako. Isome angalau 12.4 au 12.5, na tarehe ya kutengenezwa isiwe ya zamani. Mimi sichukui iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita. Betri huzeeka hata ikiwa haijaguswa.

Kinachoweza kukudhuru

Watu huogopa kupigwa shoti na betri ya gari. Volti 12 haziwezi kupenya ngozi kavu ya mkono, kwa hiyo hofu hiyo iweke kando. Yapo matatu ya kuogopa.

La kwanza ni chuma kuunganisha chanya na hasi. Betri ndogo ya gari inaweza kusukuma mamia ya amperi kwa mpigo. Spana ikilala kati ya nguzo mbili, au kati ya chanya na bodi, hutoa cheche kubwa, hujichomelea palepale na kuwa nyekundu kabla hujaivuta. Sasa fikiria pete ya ndoa. Mkono umeshika spana kwenye nati ya chanya, pete imegusa spana, na upande wa pili wa pete umegusa ukingo wa bodi. Pete inapata moto ikiwa imezunguka kidole, na huwezi kuivua. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, vua pete, saa ya mkanda wa chuma, bangili, na mkufu unaoning'inia.

La pili ni gesi. Betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Betri ikilipuka hurusha vipande vya plastiki na asidi, na uso ndio uliokuwa umeinama juu yake. Fanya kazi nje au mahali penye hewa, usivute sigara, usimulike kwa kiberiti. Kama gari limetoka kutembea au betri imetoka kwenye chaja, subiri kidogo gesi itawanyike.

La tatu ni asidi ya salfuriki iliyomo ndani. Vaa miwani ya kinga, si ya jua, na glavu za mpira. Nguo iwe ya zamani, maana tone usilolihisi leo litakuwa tundu kwenye shati baada ya kufuliwa. Weka maji mengi karibu. Asidi ikigusa ngozi, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 20. Ikiingia jichoni, suuza vivyo hivyo bila kusugua, toa lenzi kama unavaa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Magadi yanayotumika kusafishia betri yasitiwe jichoni.

Kwenye gari la haibridi, linaloendeshwa kwa mafuta na umeme, ongeza onyo moja: betri ndogo ya volti 12 unaweza kuibadilisha mwenyewe, lakini nyaya nene za rangi ya chungwa na betri kubwa ya kuendeshea gari usiziguse kabisa. Hizo ni za volti mamia, na pale shoti inaua.

Kuandaa gari

Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, weka gia kwenye P au huru. Zima taa, redio, feni, kila kitu. Toa ufunguo uweke mfukoni au mbali na gari kama ni wa kutumia ukaribu, na uteremshe kioo kimoja. Magari mengine hujifunga umeme unapokatika au unaporudi, na kioo kilicho wazi kitakuokoa. Betri ikiwa kwenye buti, usilifunge buti wakati betri haipo, maana kufuli la umeme halitafunguka.

Subiri dakika 10 hadi 15 baada ya kuzima. Kompyuta za gari la kisasa hazilali papo hapo, na kuzikatia umeme zikiwa bado zinaandika kumbukumbu kunaweza kuleta hitilafu za ajabu.

Kama redio yako huomba namba ya siri baada ya kukosa umeme, hakikisha unayo. Piga picha ya betri ilivyo kabla ya kugusa chochote: nyaya zimepita wapi, kifuniko kimekaaje. Picha hiyo haina gharama na huenda usiihitaji, lakini ukiihitaji utaitafuta sana.

Vifaa: spana namba 10 (baadhi ya magari hutaka 8, 12 au 13), soketi yenye mpini mrefu kwa nati ya kishikio iliyojificha chini, brashi ya waya, magadi soda na maji, vitambaa viwili, na grisi au mafuta mazito ya mgando.

Kutoa betri ya zamani

Tambua nguzo. Chanya ina alama ya +, mara nyingi kifuniko chekundu, na ukiangalia kwa makini nguzo yake ni nene kidogo kuliko ya hasi. Usiamini rangi ya waya peke yake, kwani gari lililopita kwa mafundi wengi huweza kuwa na nyaya nyeusi pande zote mbili.

Anza na hasi. Hili ndilo jambo ambalo nisingependa ulikariri bila kulielewa, basi tazama sababu yake. Waya wa hasi umefungwa kwenye bodi, kwa hiyo chuma chote cha gari, kuanzia boneti hadi kishikio cha betri, ni hasi. Ukianza na chanya, spana yako imeshika chanya huku imezungukwa na hasi kila upande, na kuteleza kidogo tu kunaunganisha chanya na hasi. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea, kwa sababu vyote viwili ni hasi. Na hasi ikishatoka, bodi haina tena uhusiano na betri. Hata ukigusa bodi wakati unafungua chanya, umeme hauna njia ya kurudi. Kuna magari ya zamani sana ambayo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kwa hayo kanuni ni ileile: waya unaokwenda kwenye bodi ndio unaotoka kwanza.

Legeza nati, huna haja ya kuitoa yote. Zungusha kibano kushoto na kulia huku ukikivuta juu. Kikigoma, kipanue kwa kuingiza bisibisi kwenye mwanya wake. Usikipige nyundo na usiegemeze bisibisi kwenye kifuniko cha betri kuking'oa. Nguzo ni ya risasi, chuma laini, na inaweza kuvunjika ikaachia asidi. Kama kutu imekishika kabisa, mwagia mchanganyiko wa magadi soda na maji, usubiri utulie kuchemka, ujaribu tena.

Waya wa hasi ukitoka, ufunike kwa kitambaa na uupinde mbali ili usirudi wenyewe. Nyaya nene zina tabia ya kurudi zilikotoka. Kisha fungua chanya kwa namna ileile, nao uufunike.

Sasa kishikio. Chaweza kuwa pau juu ya betri yenye bolti mbili, au kipande kidogo kinachobana kitako cha betri kwa bolti moja chini. Shikilia bolti inapotoka isidondoke kwenye injini. Betri ikiwa kwenye buti au chini ya kiti, tafuta mrija mwembamba wa kutolea gesi nje ya gari uuchomoe taratibu bila kuukata.

Betri ina uzito wa kilo 12 hadi 25, kutegemea ukubwa. Inyanyue ikiwa wima kwa mpini wake, au kwa mikono miwili chini, magoti yakiwa yamekunjwa. Kuinyanyua ukiwa umeinama juu ya gari kwa mikono iliyonyooshwa ndiko kunakoumiza mgongo; sogea karibu, egemeza paja kwenye gari kama inalazimu. Ukiiweka sakafuni iweke wima. Ile imani kwamba saruji hunyonya chaji ya betri ilikuwa na maana enzi za masanduku ya mbao na mpira. Sanduku la plastiki la siku hizi halina shida hiyo.

Kusafisha, dakika tano zisizopaswa kurukwa

Changanya kijiko kikubwa cha magadi soda kwenye kikombe cha maji. Pakaza kwenye vibano na kwenye trei. Panapochemka ndipo penye asidi, na kuchemka kukikoma asidi imekwisha nguvu. Sugua ndani ya vibano kwa brashi ya waya hadi uone chuma king'aacho, suuza kwa maji kidogo, kausha kabisa. Vaa miwani wakati huo wote, maana brashi hurusha.

Trei yenye kutu ipigwe msasa na rangi sasa ikiwa una muda. Tazama pia waya wenyewe pale unapoingia kwenye kibano: ukiona nyuzi za shaba zimegeuka kijani au zimekatika baadhi, betri mpya haitakusaidia sana hadi waya ubadilishwe.

Kufunga mpya

Weka betri mpya kwenye trei huku vifuniko vya plastiki vya nguzo bado viko juu yake. Hakikisha chanya iko upande wa waya wa chanya. Irudie hiyo mara ya pili kwa macho, kwani kugeuza nguzo hata kwa sekunde moja hukata fyuzi kuu na kuunguza diodi za oltaneta.

Rudisha mrija wa gesi kama ulikuwepo. Betri yako ya ndani ya gari isipokuwa na mrija, gesi itabaki unapokaa wewe na abiria wako. Wengine hununua betri nzuri kisha wanauacha mrija ukining'inia kwa sababu gari linawaka bila huo.

Funga kishikio. Kaza mpaka betri isisogee ukiisukuma kwa mkono, kisha acha. Ukikaza kupita hapo unapasua sanduku. Betri isiyofungwa nayo hutikisika, sahani ndani zinamong'onyoka, na kwenye ajali inaweza kuruka hadi kwenye chuma.

Sasa mpangilio unageuka: chanya kwanza, hasi mwisho. Toa kifuniko cha nguzo ya chanya, shusha kibano mpaka chini, kaza. Fuata hasi. Kibano cha hasi kinapogusa nguzo utaona cheche ndogo. Ni kompyuta na saa za gari zikipata umeme. Cheche kubwa yenye mlio ni jambo jingine: toa waya mara moja uangalie kama kuna kitu kimewashwa au nguzo zimegeuka.

Kaza hadi kibano kisizunguke kwa nguvu ya mkono. Kisha, na si kabla, pakaza grisi au mafuta ya mgando juu yake kuzuia unyevu. Rudisha kifuniko chekundu cha chanya. Kabla ya kufunga boneti hesabu spana zako. Teremsha boneti polepole mara ya kwanza, kuhakikisha haigusi chochote.

Ukishawasha

Gari linaweza kunguruma kwa mwendo usiotulia dakika chache za mwanzo. Kompyuta imesahau ilichokuwa imejifunza, na inajifunza upya ukiendesha. Vioo vya umeme vinavyojipandisha vyenyewe huenda vikaacha. Kwenye magari mengi unashusha kioo hadi mwisho, unakipandisha hadi juu na kushikilia swichi sekunde chache, kinarudi akili. Taa ya usukani au ya kuzuia kuteleza ikiwaka, geuza usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, tembea kidogo, mara nyingi inazima. Taa ya betri ikibaki inawaka, hiyo usiizoee. Rudi kwenye kipimo cha tatu.

Pima volti injini ikinguruma hata kama kila kitu kinaonekana shwari. Na siku ya pili asubuhi pima kabla ya kuwasha. Ikiwa betri mpya iliyosoma 12.7 jioni imeshuka hadi 12.2 bila gari kuguswa, kuna kitu kinaunyonya umeme usiku: taa ya buti, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio iliyofungwa ovyo. Gari lililolala kwa kawaida hutumia chini ya miliamperi 50.

Betri kuukuu

Usiiache uani. Ina kilo kadhaa za risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na asidi haimwagwi mtaroni wala kwenye udongo. Wala isivunjwe nyumbani kwa ajili ya kuyeyusha risasi: huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya 2007 na 2008 kutokana na sumu ya risasi iliyotokana na kuchakata betri za magari mitaani. Risasi ya betri huyeyushwa na kutumika tena karibu yote, lakini kiwandani penye vichujio. Wauzaji wengi wa betri huipokea ya zamani unaponunua mpya, na baadhi hupunguza bei kwa ajili yake, basi uliza kabla hujalipa.

Ukiisafirisha, isimame wima kwenye beseni la plastiki ndani ya buti, imebanwa isianguke kwenye kona, nguzo zikiwa zimefunikwa kwa vile vifuniko vya plastiki ulivyovitoa kwenye mpya. Kama imepasuka, nyunyizia magadi soda chini ya beseni kwanza, na vioo viwe wazi njia nzima.